Steringi wa Dakika Moja: Maswali ya Wasomaji

Barua tatu tulizozipokea mwezi huu kutoka Nyanda za Juu Kusini zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: watu mashuhuri wanaojitokeza kwa muda mfupi katika filamu za anga za mbali, jambo ambalo watengenezaji wa filamu huliita kameo. Tumeona tuzijibu pamoja.

SWALI: Mhariri, salaam. Katika kibanda cha video tunachokwenda jioni, mtafsiri alituambia kwamba askari mmoja mwenye deraya nyeupe katika Star Wars ya mwaka 2015 ni Daniel Craig, yule wa James Bond. Watu walimcheka, kwa sababu sura ya askari huyo haionekani hata kidogo, na hata majina yalipopita mwishoni hatukuliona la Craig. Mimi na fundi cherehani jirani yangu tumewekeana soda, mimi nikishikilia kwamba ni uzushi. Nani anunue?
Msomaji wa Uyole, Mbeya

JIBU: Soda utanunua wewe, ndugu yetu. Watafsiri wa vibandani wana desturi ya kutia chumvi, na tumewahi kuwalalamikia katika safu hii, lakini safari hii mtafsiri wenu alisema kweli. Askari huyo ni yule anayemlinda Rey, binti ambaye ndiye shujaa wa filamu, alipofungwa pingu kwenye kiti. Rey, ambaye ndiyo kwanza anagundua kwamba anaweza kuielekeza akili ya mtu mwingine, anamwamuru amfungue na auache mlango wazi. Mara ya kwanza askari anamfokea na kumtishia kuzikaza pingu zaidi, kisha polepole anatii, na anapokuwa anatoka anaamriwa aiangushe silaha yake, naye anaiangusha. Mwili ule ndani ya deraya ni wa Craig na sauti ni yake, ingawa jina lake halikuandikwa mwishoni na yeye mwenyewe alipoulizwa mara ya kwanza alikana. Studio za Pinewood, karibu na London, zilitumiwa na filamu hiyo na pia na Spectre, filamu ya Bond ya mwaka huohuo, kwa hiyo hakuwa na safari ndefu.

Hata hivyo tunakuelewa kwa nini ulibisha. Kitu pekee kinachomfichua Craig ni sauti, na katika kibanda sauti hiyo imefunikwa na ya mtafsiri. Mtazamaji wa London alikuwa na nafasi ya kutega sikio na kushtuka. Wewe uliyeketi kwenye benchi Uyole ulinyang'anywa ushahidi huo na mtu yuleyule aliyekupa habari. Mwombeni azime maikrofoni kwa dakika moja tu, Rey anapoanza kumsemesha askari, halafu kila mmoja ahukumu kwa masikio yake.

Kwa maoni yetu hii ndiyo kameo iliyofanywa kwa adabu. Asiyemjua Craig hapotezi chochote, kwa sababu anachokiona ni askari mkaidi aliyezidiwa akili na binti aliyefungwa, na kichekesho kinabaki palepale. Anayemjua anaongezewa utamu wa kumwona jasusi asiyeshindwa akitii kama mtoto. Zipo za namna nyingine, ambazo haziwezi kuchekesha bila sura kutambuliwa. Michael Jackson, katika Men in Black ya pili ya mwaka 2002, anaonekana akiomba kupewa kazi ya uajenti, na mzaha wote umejengwa juu ya umaarufu wake. Anayetumbukia Star Wars akiwa na sura wazi ya aina hiyo angeivunja hadithi vipandevipande, na ndiyo maana deraya nyeupe imekuwa maficho mazuri. Wana wa mfalme wa Uingereza wa sasa, William na Harry, nao walivalishwa deraya hiyo kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 2017, kama alivyothibitisha mwigizaji John Boyega, ila kipande chao kilikatwa na hawamo katika filamu iliyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema.

SWALI: Mimi na kaka yangu tunafanya kazi ya mbao hapa Mafinga, na tumebishana juu ya Iman, mwanamitindo Msomali, katika filamu ya sita ya Star Trek. Kaka anasema ile ni kameo kwa sababu Iman si mwigizaji kwa kazi yake. Je, ni sahihi?
Msomaji wa Mafinga, Iringa

JIBU: Mwambie kaka, kwa heshima zote, kwamba hapana. Iman, mzaliwa wa Mogadishu ambaye aligunduliwa na mpiga picha mmoja alipokuwa mwanafunzi Nairobi, aliigiza katika filamu hiyo ya mwaka 1991 kama Martia, mfungwa anayeweza kujigeuza umbo, ambaye anawatorosha mashujaa wa filamu, Kapteni Kirk na Daktari McCoy, gerezani ili wakauawe njiani. Ana jina, ana maneno ya kutosha, na usaliti wake unaisogeza hadithi. Kipimo si kazi ambayo mtu anaifanya nyumbani kwao, bali ni uzito wa nafasi aliyopewa.

Huenda kaka akadakia kwamba askari wa Craig naye anaisogeza hadithi, kwani bila yeye Rey hafunguliwi. Hoja hiyo ina nguvu, na tunakiri kwamba mpaka huu hauchorwi kwa rula. Lakini askari huyo anapita kwa muda mfupi tu, hana jina, na mtu yeyote angeweza kuvaa deraya ile.

SWALI: Nimesikia kwamba kuna mfalme aliyewahi kuigiza katika Star Trek bila kusema hata neno moja. Ni kweli? Na kwa nini alinyamaza?
Msomaji wa Njombe

JIBU: Ni kweli, ila si filamu bali ni tamthilia ya televisheni ya Star Trek: Voyager, na wakati huo, mwaka 1996, Abdullah wa Jordan alikuwa bado mwanamfalme, ufalme aliupata mwaka 1999. Alivaa sare ya ofisa wa sayansi, akaonekana mwanzoni mwa kipindi, basi. Alinyamaza kwa sababu hakuwa mwanachama wa chama cha waigizaji cha Marekani.

Kwa kuwa umeitaja Star Trek, tuongeze kameo tunayoipenda kuliko zote. Mwaka 1992 daktari Mae Jemison alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, na mwaka uliofuata akajitokeza katika Star Trek: The Next Generation. Tangu utoto wake Marekani alivutiwa na Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina hilo la Uhura limetokana na neno letu uhuru. Na akiwa angani kweli, Jemison alikuwa akianza zamu zake kwa kauli ya Uhura ya kufungua mawasiliano. Kipindi hicho kinaitwa Second Chances. Jemison ni Luteni Palmer, yule aliyesimama kwenye mitambo ya kusafirishia watu.