Siku ya kumbukumbu ya vita ni ya nani hasa?

Ndugu, umeuliza kama siku hii ina maana yoyote kwa raia wa kawaida, au ni gwaride na hotuba za wakubwa tu. Kwangu ina maana kubwa, na kinachonigusa zaidi ni kaburi la askari asiyejulikana. Vita Kuu ya Kwanza iliposimama saa 5 asubuhi, Novemba 11, 1918, familia nyingi mno hazikuwa na kaburi la kuzuru. Miili haikupatikana, au haikutambulika. Mwaka 1920 Uingereza na Ufaransa zikateua kila moja askari mmoja asiye na jina wa kuzikwa kwa heshima, London na Paris. Hebu fikiria mama aliyefiwa na mwanawe: aliweza kusimama pale akajiambia moyoni, huenda huyu ni wangu. Nani angemkatalia?

Gwaride lina nafasi yake, sikatai. Lakini zile dakika 2 za ukimya, zilizoanza kuadhimishwa kitaifa Uingereza mwaka 1919, hazihitaji cheo wala mwaliko. Mimi huzitumia kuwakumbuka pia wapagazi, waliobeba mizigo ya vita wakafa bila majina yao kuandikwa popote.