Kabla ya kusaini na lebo, uliza nani njo atafunga miksaji

Ba leki benye kuimba hapa Lubumbashi, na nyinyi benye kunitumiaka ma demo toka Likasi, Kolwezi mpaka Bukavu, hii ni yenu. Karibu kila muntu anakuja na kontra ya lebo, ni kusema kampuni yenye kutoa muziki, mu mkono anaulizaka kitu kimoja: yaya, hii avansi ni nzuri ao ni kidogo? Avansi ni franga yenye lebo inakupatia mbele, kiisha inajirudishia ku mauzo. Sawa, franga ni franga na mwenye nyumba hangojake. Lakini mi namuombaka kwanza anionyeshe ku ile karatasi mahali pameandikwa nani atakubali miksaji ya mwisho, ni kusema ile kuchanganya sauti na vyombo vyote kuwa wimbo moja. Anatafuta mbele, anatafuta nyuma, hapati, juu haiko. Na kama haiko basi ni lebo njo itafunga, na mwenye kufunga miksaji njo mwenye albamu, hata kama sura yako iko kubwa namna gani ku kava.

Naongea kitu nimepitia. Kiisha miaka mingi ya kupigia bengine gitaa mu orkestra nikatengeneza albamu yangu ya peke yangu, gitaa kavu, sauti, ngoma kidogo, na bamama wawili ba kwaya ya Katuba ku kiitikio. Nilitaka ile gitaa ya kwetu ya vidole viwili, gumba na shahada, yenye Mwenda Jean Bosco alipigaka. Hugh Tracey, mzungu mwenye alikuwa anazunguka kurekodi muziki ya Afrika, alimurekodi mu 1952 kule Jadotville, yenye leo ni Likasi, muntu moja na gitaa moja, hakuna kingine, na ile muziki ikatembea mpaka Nairobi, bapiga gitaa ba kule bakakaa chini kujifunza vidole vyake. Mi nilikuwa nasema kama yeye aliweza kujaza nyumba muzima na gitaa moja, kwa nini sisi tunaogopa?

Lebo yenye ilinichukua sitaitaja. Na sitasema walikuwa bantu babaya, walikuwa na haraka na walikuwa na woga, walikuwa wametia franga zao na walitaka zirudi. Musikilize vizuri namna inakuja, juu hii njo sehemu batoto hawaambiwake. Hakuna siku bosi anakuambia "tunabadilisha albamu yako." Inakuja kidogo kidogo, na kila kidogo iko na sababu nzuri. Siku ya kwanza ni bass tu, ongeza bass juu ku ma baffle ya bar gitaa inapotea, na ni kweli inapotea, unakubali. Kiisha ni mwendo, wimbo iko polepole, vijana hawatacheza, tupandishe. Ukipandisha mwendo, vidole vyangu havifuati tena ile namna, ile kupumua kati ya gumba na shahada inakufa, basi gitaa yangu inakuwa haifai, banaweka gitaa ya kompyuta. Unaona? Hakuna muntu alisema toa gitaa yako. Ilijitoa yenyewe juu ya uamuzi wa wiki yenye ilipita.

Kiisha ikaja luga. "Swahili haiuzi Kinshasa." Hii sentensi kila munamuziki wa Katanga na wa Kivu anaijua, ametwangiwa nayo. Tuweke kiitikio ya Lingala, na kolabo na muntu wa kule, jina lake litavuta. Mi napenda Lingala, naimba Lingala vizuri, shida haikuwa luga. Shida ni kwamba nyimbo ilikuwa inamuongelesha muntu fulani, na tulipogeuza kiitikio yule muntu hakuwa tena ndani.

Niwaonyeshe wimbo moja tu. Ilikuwa ya bazee ba Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, benye walichukua départ volontaire, kuacha kazi kwa kulipwa, mu 2003, zaidi ya bafanyakazi 10,000 walitoka kazini kwa ile mpango, na hapa mujini kila familia inajua muzee moja mwenye aliingia nyumbani na bahasha na kiisha miezi bahasha ikaisha. Mu beti ya pili kulikuwa mahali naacha kuimba. Gitaa inatembea peke yake, kidole kinateleza ku kamba ya ine na unasikia ile sauti ya kukwaruza, kiisha naingia polepole na hesabu ya muzee: masomo ya batoto, mufuko ya unga, dawa ya mama. Injinia alisafisha ile kukwaruza juu kwake ni uchafu. Kiisha ile nafasi ya kimya ikaonekana tupu, basi mgeni wa kolabo akaijaza na libanga, anatupa majina ya mabosi mu mahali muzee alikuwa anahesabu unga. Beti ikakatwa nusu ili wimbo iingie mu dakika tatu. Ilipotoka nikaipeleka kwa bazee benyewe ku Katuba, walisikiliza mpaka mwisho na adabu yao yote, kiisha moja akaniuliza na ukweli kabisa, mwanangu, yetu itapigwa saa ngapi?

Albamu ilitoka na haikufika popote. Kinshasa haikuishika juu ile aina ya muziki kule bako nayo na banaifanya vizuri kutushinda, sisi tulipeleka kopi. Na hapa kwetu, mu ma komini ya Lubumbashi, Kenya na Kamalondo na Katuba, bantu benye walikuwa wananifuata toka orkestra hawakutambua sauti yangu. Ilibaki pale kati, na bado iko kule ku mitandao, na siipostake.

Sasa, musiende kusema lebo ikigusa tu inaharibu. Si kweli na ushauri wa namna ile ni mubaya. Mukamate Catch a Fire ya Bob Marley na benzake ba The Wailers, 1973. Walirekodi Kingston, kiisha Chris Blackwell, mwenye lebo ya Island, akapeleka kanda London, akaongeza gitaa ya Wayne Perkins, kijana wa Alabama, na kinanda ya John "Rabbit" Bundrick, juu alitaka bantu ba rock wafungue masikio. Ni mukono wa lebo kabisa, na ile albamu ilifungua mulango yenye reggae ingali inapitia. Lakini musikilize sehemu ya pili ya hadisi yenye bengi hawasemake: zile kanda za Kingston hazikutupwa. Mu 2001 zilitoka vile zilikuwa mbele ya kuongezewa, na leo muntu yeyote anaweza kukaa na kusikiliza zote mbili na kuamua mwenyewe. Kwangu hii njo tofauti yote. Kubadilishwa inaweza kuwa baraka, inategemea aliyebadilisha alisikia nini, lakini kubadilishwa na ile ya kwanza kupotea, ile haina dawa.

Na kwetu kuko Papa Wemba, yeye aliipanga kwa akili sana. Mu 1995 alitoa Emotion ku Real World, lebo ya Peter Gabriel, na produsa alikuwa Stephen Hague, Mumarekani mwenye alijulikana na pop ya Pet Shop Boys na New Order. Nyimbo fupi, safi, za kuingia ku radio za Ulaya, haina ile seben ndefu, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, yenye Kinshasa inangojea. Bengine walilalamika. Lakini pembeni Viva La Musica, orkestra yake, ilikuwa ingali inatoa muziki ya Kinshasa kwa bantu ba Kinshasa, na kundi ingine, Molokai, alikuwa nayo ya kupiga Ulaya. Hakumupatia mzungu jiko yake yote, alimupatia sahani moja. Kijana wa Lubumbashi hana nguvu ya Wemba, najua, lakini wazo lenyewe linawezekana hata kwa mudogo: saini albamu moja, si maisha yako, na andika wazi kama unaruhusiwa kutoa vitu vyako vya gitaa kwa jina ingine ao mu luga ingine wakati kontra ingali inatembea.

Kwa nini lebo inajiona iko na haki ya kugeuza? Juu ya hesabu, na musipoelewa hesabu mutafikiri ni roho mubaya. Tuseme wanakupa avansi ya dola 5,000, wanalipa studio 2,000 na klipu 3,000. Ni 10,000. Kontra inasema sehemu yako ni asilimia 20. Albamu ikiingiza 10,000 unafikiri deni imeisha? Hapana, mu kontra nyingi deni inalipwa na sehemu yako tu, ni kusema 2,000, ungali unadaiwa 8,000. Ili uanze kuona dola moja juu ya avansi, ile albamu inapaswa kuingiza 50,000. Basi mwenye kukudai anapata woga kila akisikia kimya mu wimbo. Njo maana nawaambia avansi kubwa inanunua kitu, inanunua masikio yako. Chukua ndogo, na rekodi mwenyewe kadiri unaweza mbele ya kuwaita. Ukifika na albamu imeisha, maongezi inakuwa ya kutoa, haiko tena ya kutengeneza. Mi sasa sipeleke demo kwa muntu, napeleka kitu imefungwa.

Kitu kingine chenye batoto wanachanganya: wimbo na rekodi ni vitu viwili. Wimbo ni maneno na sauti yenye ulitunga, ni yako mpaka uuze. Rekodi ni ile faili, ile siku mu studio, na mara nyingi mwenye alilipa njo mwenye rekodi. Kila rekodi inapata alama yake ya kuitambulisha, ISRC, herufi na namba 12, kwa hiyo wimbo yako ya gitaa na ile ya lebo ni rekodi mbili hata kama maneno ni yale yale. Taylor Swift alitumia hii mlango, rekodi zake za zamani ziliuzwa na yeye akaanza kuziimba upya, ya kwanza ilitoka 2021. Lakini uangalie, kontra nyingi ziko na kifungu cha kukukataza kurekodi tena ile wimbo kwa miaka fulani. Hauwezi kukitoa chote, lakini unaweza kuomba miaka ipungue, na mara nyingi wanakubali juu hawakutarajia utauliza.

Kongo iko na sheria ya haki za batunzi, Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na inatambua haki ya mtunzi kazi yake iheshimiwe, ile haki haiuzwi hata ukiuza vingine vyote. SOCODA, shirika ya haki za batunzi ya Kongo, njo ya kuandikisha kazi. Sisemi sheria itakimbia kukusaidia kesho asubui, nasema ukitaja ile namba mu meza ya kontra, sauti ya muntu wa mbele yako inabadilika, nimeiona. Na peleka karatasi kwa avoka mbele ya kusaini, si kwa mjomba mwenye anajua Kifaransa. Ukiwa hauna franga ya avoka, ongea naye, bengine watakubali kulipwa kidogo kidogo.

Sasa ile kifungu yenyewe, musiogope kuiomba kwa maneno ya kawaida: miksaji na masta (ile rekodi imeisha kabisa, ya kutoa) ya mwisho haitatoka bila msanii kukubali kwa maandishi, na akikaa siku kumi bila kujibu ihesabiwe amekubali. Hii ya siku kumi weka wewe mwenyewe, juu woga wao ni kwamba utawachelewesha, ukiwaondolea ule woga wanasaini. Ongeza ya pili: msanii atapewa kopi ya traki zote moja moja, kavu, jinsi zilitoka ku maikrofoni, mbele ya mtu yeyote kuzigusa. Hii wanaitoaka rahisi kuliko ya kwanza, juu wanaona ni diski tu. Kwangu mi ingekuwa ni moja tu ninapewa, ningechukua ile ya diski.

Kwa bale wamesha saini na wanasoma hii na tumbo inauma. Andika, usipige simu. Email fupi, na heshima, "naomba kopi ya traki za nyimbo zangu kwa ajili ya arshivi," usiweke lawama ndani hata moja, ukiweka lawama wataipeleka kwa avoka wao na itakufa kule. Mutafute pia injinia mwenyewe, mara nyingi yeye njo amebaki na kila kitu ku diski yake ya zamani na hakuna muntu alimuuliza. Yangu nilizipata hivi, kiisha kontra kuisha, nusu kwa lebo na nusu kwa injinia, na mbili hazikuonekana kabisa. Ile ya bazee iko, na kukwaruza iko ndani. Bamama ba kwaya wamesha kubali kurudia zile mbili, tunangoja tu studio ifunguke, na kama uko na maikrofoni nzuri ya kuazima hapa Kampemba, niandikie.