Televisheni ndogo ya bafuni katika nyumba janja: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Anayenunua televisheni ya sebuleni huanza na ukubwa wa skrini na uzuri wa picha, na kwa sebule utaratibu huo unafaa. Bafuni mambo hupangwa upya. Kwanza hutazamwa maji na umeme, kisha namna televisheni inavyopokea amri kutoka kwenye mfumo wa nyumba na inavyojibu, ndipo picha na sauti zipewe nafasi yake. Mimi ninatumia televisheni ya inchi 19 iliyozamishwa ukutani bafuni, iliyounganishwa na mfumo uleule unaoendesha taa na feni za nyumba, na nimekaa na jamaa na marafiki kadhaa walipokuwa wakichagua za kwao. Ushauri ninaowapa wote ni huu: nunua skrini isiyo na mambo mengi, imara dhidi ya unyevu na tiifu kwa amri, na akili yote ya kutafuta vipindi, kucheza filamu na kuamua saa ya kuwaka iweke nje ya bafu.

Kuhusu maji, kipimo kinachotumika kimataifa ni alama ya IP, inayotokana na kiwango cha IEC 60529 (IEC ni tume ya kimataifa ya viwango vya umeme). Alama hiyo ina tarakimu mbili: ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi na vitu vigumu, ya pili kinga dhidi ya maji. Tarakimu ya pili ikiwa 4, kifaa kinastahimili maji yanayoruka kutoka pande zote. Ikiwa 5, kinastahimili maji yanayorushwa kwa mpira wa maji. Ikiwa 6, maji yanayorushwa kwa nguvu zaidi. Na ikiwa 7, kinaweza kuzama kwa muda hadi kina cha mita 1. Herufi X inapokaa mahali pa tarakimu, maana yake ni kwamba kinga hiyo haikutajwa. Soma pia alama inahusu sehemu gani ya kifaa, kwa sababu ziko televisheni za bafuni zenye kiwango cha juu kwenye uso wa kioo na cha chini zaidi kwa nyuma. Hilo halina ubaya ikiwa nyuma imefunikwa ndani ya ukuta, lakini ni hatari ikiwa unakusudia kuitundika kwa mkono wa chuma unaoiacha wazi pande zote.

Jambo ambalo alama ya IP haikuambii ni mvuke. Majaribio yake hutumia maji yanayodondoka, yanayorushwa au ya kuzamishia, ilhali adui wa kila siku wa vifaa vya bafuni ni hewa ya moto yenye unyevu, ambayo hupenya pasipopenya tone na kugeuka maji inapokutana na sehemu baridi. Kwa hiyo tafuta kwenye karatasi ya maelezo kiwango cha unyevu ambacho mtengenezaji amekiruhusu, na uulize jinsi soketi za kebo zilivyofungwa kwa nyuma. Mtengenezaji anayejua kazi yake huandika habari hizo bila kubembelezwa. Televisheni ya kawaida ya chumbani, hata ikiwekwa mbali na shawa, sikushauri kabisa kuipeleka bafuni: matundu yake ya kupitishia hewa ndiyo njia ya mvuke, na ndani yake umo umeme wa soketi.

Umeme una kanuni zake, na hapa sitaki mtu yeyote abahatishe. Kiwango cha IEC 60364-7-701, ambacho nchi nyingi zimekifuata kwa marekebisho yao, hugawa bafu katika kanda. Kanda 0 ni ndani ya beseni lenyewe la kuogea. Kanda 1 ni eneo lililo juu ya beseni au shawa hadi urefu wa mita 2.25 kutoka sakafuni. Kanda 2 huongeza sentimita 60 kando ya hapo. Katika kanda 1 na 2 kifaa hakitakiwi kuwa chini ya IPX4, na sakiti za bafuni hulindwa kwa kifaa kinachokata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampia 30. Mwite fundi umeme anayezijua kanuni za nchi yako kabla hujapima ukuta, maana mahali panapofaa kwa macho huenda pasiruhusiwe.

Ndiyo sababu televisheni nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya bafu hutumia volti 12 au 24 za umeme mnyoofu (DC), na adapta yake hukaa nje ya bafu, juu ya dari au kabatini. Mpango huo ni mzuri, ila una hesabu ambayo wengi huiruka. Chukua televisheni ya volti 12 inayovuta ampia 3, na adapta iliyo umbali wa mita 10. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, umeme hupoteza takriban volti 1.4 njiani kwenda na kurudi, na televisheni inabaki na kama 10.6. Baadhi ya televisheni huvumilia hali hiyo. Nyingine hujizima kila sauti au mwanga unapopanda. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupunguza upotevu huo hadi takriban volti 0.4. Ikiwa unaweza kuchagua, televisheni ya volti 24 ni bora zaidi kwa umbali mrefu, kwa kuwa kwa wati zilezile huvuta nusu ya mkondo.

Sasa nije kwenye utii. Maneno ya kwamba televisheni inafanya kazi na nyumba janja, yanapoandikwa kwenye boksi, mara nyingi huwa na maana moja tu: ina Wi-Fi na programu ya simu. Kinachohitajika ni zaidi ya hapo. Uliza kama ina amri ya kuwasha na amri ya kuzima, kila moja peke yake. Televisheni nyingi hutumia amri moja inayogeuza hali iliyopo, na amri ya namna hiyo huvuruga kila ratiba unayoipanga: mfumo unapotuma amri ya kuzima usiku, televisheni ambayo mtu alikwisha kuizima itawaka bafuni penye giza. Uliza pia kama televisheni inaweza kueleza hali yake, yaani kujibu kwamba imewaka, imezimwa, iko kwenye ingizo gani na sauti iko kiasi gani. Mfumo usiopata jibu hubahatisha.

Njia za kupeleka amri hazilingani. Mionzi ya infraredi, ile ya rimoti, huenda upande mmoja tu na hairudishi jibu, ingawa inafaa pale ambapo amri za kuwasha na kuzima zimetenganishwa. RS-232, njia ya waya ya kupeleka amri kati ya vifaa, ni ya zamani sana na watu huipuuza, lakini mimi huiweka mbele ya nyingine zote: waya michache, amri fupi za maandishi, jibu papo hapo, na hakuna nenosiri la Wi-Fi litakalobadilishwa na kuikatia mawasiliano. Amri kupitia kebo ya mtandao nazo ni nzuri, mradi televisheni iendelee kusikiliza mtandao inapokuwa imezimwa. Ziko ambazo hukata mawasiliano zikizimwa, na hapo hutaweza kuziwasha kwa mbali. HDMI-CEC huruhusu kifaa cha kuchezea video kuwasha skrini na kuchagua ingizo kwa kutumia kebo ileile ya picha, ila watengenezaji huitekeleza kila mmoja kwa kadiri apendavyo, kwa hiyo iamini baada ya kuijaribu. Kuhusu Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba janja kilichotolewa mwaka 2022, aina ya kifaa cha video imo ndani yake, lakini nunua kwa kile ambacho televisheni inakifanya leo, si kwa ahadi ya sasisho lijalo.

Pendelea udhibiti unaofanyika ndani ya nyumba. Mifumo ya nyumba janja kama Home Assistant na KNX inaweza kuzungumza na vifaa bila kupitia seva ya mbali, na faida yake huonekana siku intaneti inapokatika au mtengenezaji anapofunga huduma yake. Ikiwa televisheni hutii tu kwa kupitia akaunti ya mtengenezaji, ihesabu kuwa ina tarehe ya mwisho ambayo hukuambiwa.

Kwa sababu hiyohiyo sizipi uzito programu zilizojengwa ndani ya televisheni. Skrini iliyofungwa vizuri ukutani inaweza kudumu miaka mingi, lakini programu zake huzeeka mapema, na kubadilisha kifaa kilichozungushiwa vigae ni kazi ya kubomoa. Kifaa kidogo cha kuchezea video kilichowekwa kabatini nje ya bafu hubadilishwa kwa dakika chache bila kugusa ukuta. Kebo ya kawaida ya HDMI huanza kusumbua inapozidi mita 10 hivi. Kwa umbali mkubwa zaidi kuna HDBaseT, inayopitisha picha, sauti na amri za kudhibiti kwenye kebo ya mtandao hadi mita 100. Pitisha kebo mbili za mtandao hata kama leo unahitaji moja, na uziweke ndani ya bomba la plastiki lenye nafasi, ili siku ya kubadilisha uvute nyingine. Wi-Fi bafuni ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa tabaka la fedha lililo nyuma ya kioo na kasha la chuma la kuzamishia televisheni huzuia mawimbi ya redio.

Mfumo utajuaje kwamba kuna mtu bafuni? Vihisi vya kawaida vya mwendo hutambua joto linalosogea, na mtu aliyetulia kwenye beseni la maji ya moto hasogei. Baada ya muda kihisi huamini kwamba bafu ni tupu na mfumo huzima kila kitu katikati ya kipindi. Vihisi vya rada vya mawimbi mafupi, vya gigahezi 24 au 60, hutambua hata kupanda na kushuka kwa kifua cha mtu anayepumua, na kwa bafu ndivyo ninavyovishauri, pamoja na kihisi cha mlango. Vielekeze mbali na feni na pazia la shawa, maana huona mwendo wa vitu hivyo pia. Kihisi cha unyevu kiachie kazi ya feni tu.

Kwa maoni yangu, televisheni iwashwe kwa kitufe na izimwe na mfumo. Ikijiwasha kila mtu anapoingia, mgeni atashtuka na mtoto atachelewa kutoka. Kitufe kinachotumia betri, kisichopitisha maji, kikibandikwa karibu na beseni kinatosha. Amri ya sauti haifanyi vizuri maji yanapotiririka, na tena inahitaji maikrofoni. Hapa nina msimamo usioyumba: bafuni hakupaswi kuwa na maikrofoni wala kamera, iwe ndani ya televisheni, ndani ya rimoti au ndani ya spika. Ikiwa modeli uliyoipenda ina maikrofoni isiyozimika kwa swichi halisi, chagua nyingine.

Sauti nayo ipangwe kwa namba maalumu. Tafuta televisheni inayokubali amri ya kuweka sauti kwenye namba fulani, si ya kupandisha na kushusha tu, ili kila inapowaka usiku ianze chini. Spika ndogo za ndani ya kasha lililozibwa husikika hafifu, na feni pamoja na mwangwi wa vigae huzidisha tatizo. Spika mbili za darini zinazostahimili unyevu hukuwezesha kusikia maneno bila kuongeza sauti sana.

Ukubwa si wa kusumbuka nao: kwa umbali wa mita 1.5 hadi 2, inchi 19 hadi 24 zinatosha. Kinachofaa kuchunguzwa ni aina ya paneli, yaani bamba linaloonyesha picha, kwa sababu aliye kwenye beseni hutazama kutoka chini. Paneli za aina ya TN hugeuza rangi zikitazamwa kutoka chini, ilhali za aina ya IPS hubaki sawa. Chuchumaa mbele ya skrini dukani uone mwenyewe. Ikiwa unataka televisheni iliyofichwa nyuma ya kioo cha kujitazamia, fahamu kwamba kioo hicho hupunguza mwanga wa picha na huenda kikadhoofisha mionzi ya rimoti, kwa hiyo uliza mwangaza uliopimwa kupitia kioo.

Televisheni ikifika, iunganishe yote mezani kabla fundi hajaiziba kwa silikoni: adapta yake, waya wa urefu uleule utakaotumika, kifaa cha video na kidhibiti cha nyumba. Iwashe na uizime kutoka kwenye mfumo mara nyingi, kisha ikatie umeme na uurudishe uone kama inabaki imezimwa, inawaka yenyewe, au inasubiri rimoti, kwani umeme ukikatika na kurudi usiku ndivyo itakavyofanya. Iache hivyo usiku kucha, na asubuhi itumie amri ya kwanza kutoka kwenye mfumo. Ziko televisheni zinazotii mchana mzima na kushindwa kuamka baada ya saa kadhaa za kulala, na ni afadhali kugundua hilo wakati boksi bado lipo na muuzaji anakubali kuirudisha.