Ukirudi kutoka warsha, usianzishe kozi mpya

Mwaka wangu wa kwanza wa uhadhiri nilitumwa kwenye warsha ya mtandao wa vyuo vikuu kuhusu elimu ya maendeleo endelevu. Nilirudi na ari kubwa, nikaandika kozi mpya ya muhula mzima na kuipeleka idarani. Ikakwama. Ratiba imejaa, wa kuifundisha hayupo. Haijafundishwa hata siku moja.

Funzo la kosa langu lilikuwa limeshatolewa zamani. Mwaka 2004 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilianzisha MESA, ushirikiano wa vyuo vikuu vya Afrika, na shabaha yake ilikuwa kupenyeza mazingira na uendelevu ndani ya masomo yaliyopo.

Nafundisha takwimu. Muhula uliofuata niliacha data za kitabuni, nikawaambia wanafunzi: kapimeni bomba linalovuja hosteli kwenu. Kundi moja liliweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba na kuwasha saa ya simu. Ndoo ikajaa kwa dakika 40. Binti mmoja akapiga hesabu ubaoni: lita 720 kwa siku, ndoo 36. Darasa zima kimya. Wengi wao walikuwa wametoka kupanga foleni ya maji asubuhi ileile.

Mwenzangu niliyekutana naye kwenye ile warsha aliwapa wanafunzi wake kazi hiyohiyo chuoni kwake, wiki ileile, kisha tukabadilishana data. Wanafunzi wake waliuliza jambo ambalo wangu hawakulifikiria: pampu inayopandisha maji hayo inakula umeme kiasi gani? Kwangu mimi, mtandao wa vyuo ulianza siku hiyo, ingawa jina langu lilikuwa kwenye orodha yake muda mrefu.

Kwa hiyo chagua somo unalofundisha sasa, mtafute mwenzako mmoja wa chuo kingine, mkubaliane kazi moja. Ipeni alama, kazi isiyo na alama wanafunzi wataifanya usiku wa mwisho, na siwalaumu.

Halafu subiri mapitio ya mtaala, na hapo usilale. Mwenzangu alipokwenda masomoni, aliyeshika somo lake hakuijua kazi ile, na mwaka mzima ikapotea. Ya kwangu niliiombea nafasi kwenye maelezo ya kozi kabla hayajapelekwa seneti ya chuo, inayopitisha mitaala: mstari mmoja, chini ya kazi za vitendo. Atakayenirithi darasa ataukuta hapo.