Msikate Kile Kifimbo

Juzi msomaji mmoja wa Songea alinitumia picha. Yuko chini ya Hilux yake ya mwaka 1995, amefungua magurudumu ya nyuma abadilishe viatu vya breki. "Kaka, naomba msaada. Kuna kifimbo kinatoka kwenye difu ya ekseli ya nyuma kinapanda mpaka kwenye chesisi, kimeshikana na dude la chuma lenye paipu za breki. Fundi anasema hakina kazi, tukikate. Tukate?"

Nilimjibu usiku uleule: msikate. Kisha usingizi ukaniruka, maana maneno hayohayo niliambiwa mwaka 2016, nami nikasema sawa.

Nilikuwa nimeanza biashara ya viazi, Iringa kwenda Morogoro. Hilux yangu modeli LN106, injini aina ya 3L, niliinunua kwa akiba ya miaka minne na nilitaka ibebe. Wewe unayesoma hapa unanielewa, anayenunua pikapu anataka ibebe. Gereji moja wakaniongezea springi mbili kila upande. Gari likanyanyuka nyuma, kifimbo kikawa hakifiki tena. Fundi akafungua nati, akakitupa kwenye ndoo ya skrapu. Nikalipa, nikaondoka nikiwa na furaha.

Miezi ikapita. Pedi za mbele zilikuwa zinaisha upesi, nikasingizia pedi feki.

Siku hiyo nateremka Kitonga na magunia tisa. Kona za kwanza breki zinashika. Mbele kidogo nakanyaga, pedali ngumu, gari halipungui. Harufu ya kuungua imejaa ndani. Nikarudisha gia ya pili, nikavuta handibreki kidogo kidogo, likasimama pembeni huku magurudumu ya mbele yanafuka moshi. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Nilikaa chini kwenye changarawe nikashindwa hata kupiga simu nyumbani. Mpaka leo nikipita pale tumbo linanikaza.

Kabla sijaondoka niligusa rimu za nyuma. Zilikuwa za uvuguvugu tu! Gari lina mzigo wote nyuma, breki za mbele zinaungua, za nyuma kama hazijafanya kazi.

Mzee mmoja fundi wa Morogoro alilala chini ya gari dakika mbili, akatoka akaniuliza, "Mwanangu, fimbo ya hapa iko wapi?" Ndipo nikafundishwa. Lile dude ni valvu inayopima mzigo. Ukipakia, bodi inashuka kuikaribia difu, fimbo inasukuma mkono wa valvu, nayo inaruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Likiwa tupu inaipunguza, magurudumu ya nyuma yasijifunge. Bila fimbo, valvu yangu iliamini gari ni tupu siku zote. Na wale wanaoiruka valvu kwa kuunganisha paipu moja kwa moja wanajitafutia balaa la upande wa pili: gari tupu, lami ina mvua, unakanyaga na mkia unataka kukupita.

Ndugu zangu, kifaa usichokijua usikitoe. Kifuate kwanza kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kama kimegusa paipu ya breki, usikitoe. Soma namba yake: kwa Toyota tarakimu tano za mwanzo ndizo zinazotaja aina ya kifaa, na valvu hii huanza na 47910. Ukiwa na namba hiyo hata wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, hawatakuzungusha. Na fundi akikwambia "hakina kazi", mwulize basi kiwanda kilikiweka cha nini. Asipokuwa na jibu, funga gari lako uondoke. Tumezidi kuwaonea haya mafundi kwa vitu vinavyobeba roho zetu.

Msomaji wangu amejibu leo asubuhi kwamba kumbe naye aliongeza springi. Basi kaka, kutokukata peke yake hakutoshi. Pimeni gari limenyanyuka kiasi gani, mtengeneze kishikio cha kuinua ncha ya fimbo pale kwenye difu kwa kiasi hichohicho. Mkifungua paipu yoyote, toeni upepo ulioingia kwenye paipu za breki, kwenye breki ya kila gurudumu na kwenye valvu yenyewe, ina nati yake ya kutolea upepo. Kisha pakia, jaribu breki sehemu tambarare, ushuke uguse rimu zote nne kwa uangalifu. Nitumie majibu kabla hujapakia mzigo wa safari.