Yohana, Yohane na Yahya: je, ni jina moja?

Msomaji wetu wa Tanga ametuandikia kwamba familia yake imejaliwa mtoto wa kiume, na kwamba babu mzaa baba wa mtoto huyo aliitwa Yahya ilhali babu mzaa mama aliitwa Yohana. Wazee wa pande zote mbili wanasema hilo ni jina moja, hivyo kumpa mtoto mojawapo ni kuwaenzi babu wote wawili. Anauliza kama wazee wamesema kweli, jina lenyewe lina maana gani, kwa nini wengine huandika Yohane, na kama Yona ni kifupi chake.

Ndugu msomaji, hongera kwa kupata mtoto. Wazee wako wamepatia kuhusu mtu, ila hawakupatia kuhusu neno. Yohana na Yahya ni majina ya mtu mmoja, mwana wa Zakaria, lakini ni maneno mawili yenye maana mbili, na kila moja linastahili kuelezwa peke yake.

Yohana limetoka katika Kiebrania Yohanan, ambalo kwa urefu wake ni Yehohanan. Kama majina mengi ya Kiebrania, hilo ni sentensi nzima: kipande cha kwanza ni ufupisho wa jina la Mungu, lile ambalo kwa Kiswahili huandikwa Yehova au Yahwe, na kipande cha pili ni kitenzi chenye mzizi wa konsonanti tatu, h-n-n, ambacho maana yake ni kufadhili au kuonyesha neema. Maana kamili basi ni “Yehova amefadhili”. Wengi hulifasiri kuwa “zawadi ya Mungu”, na hapo wanakosea, kwa sababu wazo la kutoa limo katika Yonathani, “Yehova ametoa”. Yona nalo si kifupi cha Yohana hata kidogo. Ni neno la kawaida la Kiebrania lenye maana ya njiwa. Ndugu wa kweli wa Yohana ni Hana, jina la mama yake Samweli, pamoja na Hanania, ambalo ni sentensi ileile iliyopinduliwa, kitenzi kikatangulia na jina la Mungu likafuata.

Safari ya jina hili inaonekana wazi ndani ya Biblia ya Kiswahili yenyewe. Ukifungua Yeremia sura ya 40 utamkuta Yohanani mwana wa Karea, ambaye jina lake limefuata Kiebrania hadi n ya mwisho, na kwa kuwa mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, tunalitamka kwa mkazo palepale Waebrania walipouweka, kwenye silabi “na”. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, lugha isiyokuwa na herufi ya ile h ya kooni, inayofanana na ya Kiarabu katika jina Muhammad. Ndiyo maana jina Hana la Agano la Kale linakuwa Ana katika Luka, na jina Hanania la kitabu cha Danieli linakuwa Anania katika Matendo ya Mitume. Yohanani nalo likawa Ioannes. Kilatini kikairudisha h, Iohannes, na Wakristo Waarabu wanayo katika Yuhanna. Yohana wetu, kwa hiyo, ana h ya Waebrania lakini ameipoteza n yao ya mwisho.

Yohane ni mazoea ya Wakatoliki, kama tunavyosema Papa Yohane Paulo wa Pili, na Yohana ni ya makanisa mengi ya Kiprotestanti. Hakuna lililo sahihi kuliko jingine.

Wayahudi walilitumia sana jina hili hata kabla ya Yohana Mbatizaji, huyo mwana wa Zakaria. Mtawala wao Yohanan Hyrcanus alishika madaraka mwaka 134 kabla ya Kristo. Wakristo ndio waliolieneza duniani, likawa Juan, Giovanni, Ivan, Hans na John. Nchini Marekani John lilishika nafasi ya kwanza kati ya majina ya wavulana kila mwaka kuanzia 1880 hadi 1923. Huku kwetu, wamisionari wawili wa kwanza wa Rabai, karibu na Mombasa, walikuwa wote akina Yohana: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Nchini Uganda, mfiadini Muzeeyi aliyeuawa mwaka 1887 alijulikana kama Jamari, ambalo ni Jean-Marie (yaani Yohana Maria) la Wafaransa lililolainishwa na ulimi wa Waganda. Nalipenda sana umbo hilo, kwa kuwa linaonyesha jinsi lugha inavyompokea mgeni na kumfanya mwenyeji.

Sasa Yahya. Kwa umbo lake, neno hili katika Kiarabu linalingana na kitenzi “anaishi”, na wafasiri wengi wa Kurani wamelieleza kwa maana ya uhai. Sura ya Maryam, aya ya 7, inasema kwamba Mungu hakuwa amempa yeyote jina hilo kabla yake; neno samiyya lililotumika hapo wengine wamelifasiri kuwa ni mwenye jina hilo, wengine kuwa ni mfano wake. Kwa hiyo si sawa kusema kwamba Yahya maana yake ni “Yehova amefadhili”. Hata hivyo, soma aya ya 13 ya sura hiyohiyo. Mungu anasema alimpa Yahya hanan, yaani huruma itokayo kwake, na neno hilo lina mzizi uleule wa h-n-n uliomo katika Yohanan. Mimi kila nikifika kwenye aya hiyo husimama kidogo.

Basi ukimwita mtoto Yahya, umemtaja mtu yuleyule anayetajwa na jina la babu yake Yohana, lakini hukulitafsiri jina la babu huyo. Mkitaka neno lenyewe la h-n-n ambalo pande zote mbili zitalitambua, na Mungu akawajalia binti siku za usoni, lipo Hana kwa Wakristo na Hanan kwa Waislamu. Kwa huyu wa sasa, chagueni moja, na tahajia mtakayoiandika kwenye cheti cha kuzaliwa, iwe Yohana au Yohane, ifuateni hivyohivyo shuleni na kila mahali.