Uogope umeme ukirudi

Mwanangu Ndahani,

Mbukwa. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama kwa hiyo nyumba mpya ya Nzuguni ununue jenereta au betri na inveta. Nitafika huko. Kwanza niambie, lile friji alilokuja nalo mkeo mmelichomeka wapi? Kama ni moja kwa moja ukutani, basi habari ya jenereta ingoje.

Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: umeme kukatika hakuui kitu, kinachoua ni kurudi. Friji likizimika ghafla, gesi inabaki imebanwa upande mmoja wa kompresa. Inataka dakika tatu hadi tano itulie. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kama unavyofanya upepo wa Agosti ukigonganisha nyaya, mota inasukuma mzigo isiouweza: inanguruma, inazimika kwa "ta", inapumzika, inajaribu tena. Kila jaribio inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida, mpaka waya za ndani zinaungua vanishi. Ile harufu unaijua. Umeme ukirudi mdogo, taa ikawa nyekundu kama kaa la mkaa, mambo ni yale yale.

Friji gadi kazi yake ndiyo hiyo: inasubiri dakika zake, inapima kama umeme uko karibu na volti 230, ndipo inaruhusu. Ya ampea 5 inatosha friji la nyumbani. Iwe ya friji peke yake, usining'inize ekstensheni nyuma yake ukaweka na pasi.

Unalikumbuka difriza jeupe, na zile barafu mia tatu za ubuyu tulizofunga kwa ajili ya Nanenane, hapo hapo Nzuguni unapojenga maisha sasa. Umeme ulikatika tarehe 5 jioni. Kesho yake mchana nilifungua mara moja tu: barafu ngumu kama kokoto. Ndivyo ilivyo, difriza lililojaa likifungwa kimya hukaa na baridi siku mbili, lililojaa nusu siku moja. Giza halikutuibia hata barafu moja. Saa nane umeme ukarudi, ukakatika, ukarudi, na gadi haikuwepo mahali pake. Tarehe 8 asubuhi nilikuwa na difriza la uji mwekundu na fundi ananitajia bei ya kompresa. Niliwaambia watu wote kwamba wewe ndiye uliyeichomoa gadi, ukachomeke redio. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Hukubisha.

Haya, tuliache hilo.

Umeme ukikatika, chungulia kwanza kwa jirani. Kama kwake kunawaka, angalia yuniti za LUKU, halafu mein swichi. Kama mtaa mzima ni giza, zima ukutani friji, televisheni, jiko na pasi (pasi iliyosahaulika juu ya kitanda ikipata umeme saa tisa za usiku, mtaokolewa na majirani). Acha taa moja imewashwa, hiyo ndiyo mjumbe wenu. Ikiwaka, ngoja dakika kumi, utazame mwanga wake umetulia, ndipo uwashe kimoja kimoja ukianza na friji. Na mmfundishe dada wa kazi, maana umeme hurudi wakati nyie mko ofisini.

Nafasi tupu kwenye friza zijazwe chupa za maji za lita moja na nusu, zisijae mpaka mdomoni zisije zikapasuka. Friji la chini lisilofunguliwa lina saa nne tu. Maji je? Kwetu yanatoka visimani kwa pampu, kwa hiyo yanategemea umeme pia. Hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku tatu ni madumu kumi na tano, au simtanki juu ya mnara yanakoshuka yenyewe.

Sasa betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ya maji uitumie nusu tu, ukiimaliza kila siku haifiki mwaka. Toa na zinazoliwa na inveta ikigeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, unabaki na kama 500. Taa nne za wati 7, televisheni ya wati 50 na ruta ya wati 10 ni wati 88, hivyo unapata saa tano na nusu. Friji usilitie humo. Ile ya gari isikudanganye kwa bei, imetengenezwa kupiga stata, haikutengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Nunua mita ya fundi: betri iliyopumzika ikisoma 12.7 imejaa, ikisoma 12.1 acha. Ongeza maji ya betri yale ya dukani, ya bomba yana chumvi, na asidi usiongeze kabisa. Isikae chumbani mnakolala, ikichaji inatoa hewa inayolipuka. Fyuzi iwe karibu na betri, waya ziwe nene na fupi. Ukiona waya inapata joto, ni nyembamba.

Jenereta nalo lina sheria zake. Likae nje, mbali na madirisha, kamwe lisiwe kibarazani wala jikoni, ndani ya moshi wake mna hewa inayoua isiyo na harufu. Lililoandikwa wati 1,000 kwetu litakupa kama 900, maana Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari na hewa ni nyepesi. Fundi akufungie cheinjova, ile swichi inayochagua umeme wa nguzo au wa jenereta, visikutane. Akija mtu na waya wenye plagi pande zote mbili, mfukuze: umeme wako utapanda hadi kwenye transfoma, uwe maelfu ya volti, umuue fundi aliye juu ya nguzo.

Niamue? Sitaki kuamua, mkeo asije akasema mama mkwe ndiye anayenunua. Mgao kama ule wa 2006, bwawa la Mtera lilipopungukiwa maji, betri inafaa, ila lazima umeme urudi muda wa kuichaji: chaja ya ampea 10 inataka saa sita kurudisha hiyo nusu. Giza la siku tatu mfululizo, betri ni pambo, utalitamani jenereta. Lakini jenereta linataka petroli, na petroli ndani ya nyumba yenye mtoto... Tena ukiweka paneli ya wati 100, jua la Dodoma linakurudishia sehemu kubwa ya hizo 500 bila kungoja umeme, mradi uifute vumbi. Unaona ninakoelekea, lakini sijasema.

Ila gadi haina mjadala. Jumapili mkija msinunue, ninayo. Ni ile ile ya zamani. Niliikuta mwaka uliofuata, imechomekwa nyuma ya kabati, na plagi ya cherehani yangu ikiwa bado ndani yake.

Mama yako